Shamba la Nabothi Chini ya Mlima Meru

Katika ibada za jumuiya, somo la 1 Wafalme sura ya 21 huwa halipiti kimya katika mitaa yetu ya Meru. Tukilifikia, wazee hujiweka sawa kwenye viti, na vijana ambao walikuwa wakichungulia simu huinua vichwa. Ni habari ya Nabothi Myezreeli aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka. Tusisahau kwamba hakuanza kwa ukatili. Alianza kwa lugha nzuri ya serikali. Alimwahidi Nabothi shamba lingine lililo bora kuliko hilo, au fedha kama angependa. Nabothi alikataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Mengine tunayajua: barua za Yezebeli zenye muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo, mawe.

Mara ya mwisho tulipolisoma, kijana mmoja aliuliza swali ambalo limetufanya tuandike haya. Alisema: Nabothi hakuwa na kura, kwa hiyo tunaweza kumwelewa. Sisi tunayo, tumepiga mara nyingi, na waliotuchosha bado wako. Kuna haja gani ya kupanga foleni tena?

Hatukumjibu vizuri siku ile. Mchungaji alifunga kwa sala na watu wakaenda kunywa chai. Hapa tunajaribu kumjibu kwa kumrudisha nyuma, kwa watu wa mlima huu ambao hawakuwa na kura hata moja, na serikali yao ilikuwa inachukiwa kuliko yoyote tuliyowahi kuilalamikia sisi.

Uhusiano wa Wameru na serikali ya kigeni ulianza vibaya, na Injili ikaja ikiwa imefungwa katika mkasa huo huo. Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani walilipiza kisasi kikali kwa watu wote wa mlima, waliohusika na wasiohusika. Wamisionari walirudi 1902 na kujenga Nkoaranga, na kanisa letu likakua kutoka hapo. Lakini pamoja na kanisa zilikuja hati za mashamba. Ardhi ya chini, kuuzunguka mlima, iligawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Wameru wakabaki juu, kwenye migomba na baadaye kahawa, wakiwa wamezungushiwa mashamba ya wageni kama pete. Ng'ombe walihitaji malisho na chumvi ya tambarare, na watoto waliokuwa wakizaliwa walihitaji vihamba. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, pete ile haikuvunjwa.

Upande wa kaskazini mashariki, kwenye mto ambao Wamasai waliuita Ngare Nanyuki kwa sababu ya maji yake mekundu, kulikuwa na upenyo. Katika mashamba mawili yaliyojulikana kwenye vitabu vya serikali kwa namba tu, 31 na 328, Wameru waliishi, walilima na kuchunga. Kwa karani wa ardhi zilikuwa namba, na kwa wenyeji palikuwa nyumbani.

Mwaka 1947 ilitoka taarifa ya tume ya ardhi ya Arusha na Moshi, iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson. Tume ilikiri kwamba wenyeji walikuwa wamebanwa, na hilo tuliseme kwa haki. Lakini dawa yake ilikuwa ya ajabu. Ilipendekeza ardhi ipangwe upya ili mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro yawe eneo moja lisilokatika, na Wameru wa Ngare Nanyuki wahamishiwe King'ori. Wangepewa eneo lingine. Wangelipwa fidia. Maneno ya Ahabu kabisa, ila safari hii yalipigwa chapa. Wameru walijibu kwamba King'ori ni chini, ni joto, maji ni haba na ng'ombe wanakufa. Serikali ya Gavana Edward Twining ikasema mpango ni kwa manufaa yao.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari walifika. Kazi iliendelea hadi Desemba, katika majuma ambayo Wakristo huwa wanajiandaa kwa Majilio. Watu wapatao 3,000 walitolewa. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, vyombo vikarundikwa nje. Waliokataa kuondoka walikamatwa.

Hapa ndipo tunapomwomba kijana wetu asikilize polepole, maana mambo waliyoyafanya Wameru katika miezi iliyofuata ndiyo yaliyotufanya tuseme habari hii bado ni yetu.

Kwanza hawakupigana. Haikuwa kwa sababu ya woga. Hawa ni wajukuu wa watu waliomenyana na bunduki za Wajerumani, nao walijua bei yake. Mwaka uliofuata, Oktoba 1952, ng'ambo ya mpaka huko Kenya, hali ya hatari ilitangazwa na damu nyingi ikamwagika kwa ajili ya ardhi. Meru hawakwenda njia hiyo.

Pili walikataa fidia. Jambo hili tunalipita haraka tunaposimulia, lakini ebu tufikiri. Mtu amechomewa nyumba, watoto wamelala kwa jamaa, mvua za vuli zinanyesha, na karani ameweka fedha mezani. Kuipokea si dhambi. Lakini waliona kwamba sahihi ya kupokea ingesomwa kama sahihi ya kukubali, na wengi hawakuigusa. Wengi pia hawakwenda King'ori. Walijibana kwa ndugu zao mlimani.

Tatu, walitafuta ni mlango gani uko wazi kisheria. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa umoja huo uliruhusu watu wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Waingereza walijua kifungu hicho kipo. Hawakutegemea wakulima wa kahawa wakitumie. Wameru walimpata wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamchagua mmoja wao, Kirilo Japhet, aende kuwasemea. Fedha za safari zilichangwa na watu wenyewe. Sisi tunaofahamu jinsi harambee ya bati la kanisa inavyochosha, tunaweza kukisia mchango wa kumpeleka mtu New York mwaka 1952 ulikuwa mzigo gani kwa watu ambao baadhi yao hawakuwa na paa.

Kirilo Japhet alikwenda, na kesi ya ardhi ya Meru ikasikika mbele ya mataifa, kwenye Baraza la Udhamini na baadaye kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kamati ilipitisha azimio la kuwapendelea Wameru. Lakini lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika. Walishindwa kwa kura.

Tunasisitiza hilo kwa sababu kuna namna ya kuisimulia habari hii inayofanya ionekane kama ushindi mtupu. Haikuwa hivyo. Baada ya michango yote, safari yote na maombi yote, mashamba yalibaki mikononi mwa walowezi. Yule mjane wa Luka 18 alipata haki kwa kumrudia kadhi tena na tena, lakini Bwana Yesu hakutuambia alirudi nyumbani mikono mitupu mara ngapi kabla ya hapo, wala majirani walimwambia nini.

Wapo walioona, na hata leo wapo wanaoona, kwamba Mkristo hakupaswa kuishitaki serikali yake, kwa sababu ya Warumi 13. Tumelisikia hoja hiyo mimbarani. Sisi tunaona kwamba Wameru waliitii mamlaka kuliko wale walioleta viberiti, kwa kuwa walikwenda kwenye mamlaka iliyokuwa juu ya gavana, wakatumia kifungu chake, na wakasema ukweli mbele yake. Paulo mwenyewe alipoonewa alikata rufani kwa Kaisari.

Aliporudi, Kirilo Japhet hakukaa akaugulia. Alizunguka sehemu nyingine za nchi akieleza yaliyotokea. Watu wa mbali ambao hawajawahi kuuona mlima wetu walitambua kwamba lililotokea Ngare Nanyuki lingeweza kutokea kwao. Ilikuwa wakati ule ule ambapo Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kilikuwa kinabadilika. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kukiongoza, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Machi 1955 Nyerere naye alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, katika njia ambayo Mmeru alikuwa ameshaipita. Nyumbani nako, Mangi Sante, ambaye watu walikuwa wamemchoka kwa muda mrefu, aliondoka madarakani, na Wameru wakamchagua Sylvanus Kaaya. Kabla ya kupata kura ya nchi, walijizoeza na kura ya nyumbani.

Kura ya nchi ilipokuja, 1958, ilikuja imepinda. Ili kuandikishwa ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au wadhifa. Na ndani ya chumba cha kura ulilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimwacha mmoja, karatasi inaharibika. Wengi walitaka kuususia. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulibishana sana, na baadhi, kama Zuberi Mtemvu, wakajitenga. Uamuzi uliopita ni kuingia na kura ile ile iliyopinda, na TANU ikawaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu ambao walikuwa tayari kusimama nayo. Mmoja wao alikuwa Mama Sophia Mustafa wa hapa Arusha. Fikirini mpiga kura Mmeru wa mwaka ule, miaka saba baada ya moto, anatakiwa kuweka alama kwenye jina la Mzungu. Aliyeweka hakuwa amesahau.

Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na uhuru ukafika 9 Desemba 1961. Hata katika chama kimoja wapiga kura walipata pa kupumulia: mwaka 1965 karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na watu wakamwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani. Hakuna aliyerusha jiwe.

Hatuwezi kuishia huko kana kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Kanisa lenyewe hapa Meru, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilivurugana vibaya kwa sababu ya suala la dayosisi, washarika kwa washarika, na wajukuu wa watu ambao hawakuinua mkono juu ya walowezi waliinuliana mikono wao kwa wao. Tunalitaja kwa aibu, lakini tunalitaja. Na Januari 2011, Arusha mjini, mvutano wa kumpata meya uliishia kwa maandamano, risasi, na watu watatu kupoteza maisha.

Turudi kwa kijana wetu na foleni yake. Katika uchaguzi mkuu wa 2005 walijitokeza takriban asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 43 hivi. Wengi walikuwa wamechoka kama yeye. Lakini tarehe 1 Aprili 2012 palikuwa na uchaguzi mdogo Arumeru Mashariki. Ilikuwa Jumapili ya Mitende. Wengine walikwenda kituoni kwanza ndipo kanisani, wengine walitoka ibadani na majani mkononi wakajipanga. Malalamiko juu ya ardhi na maji yalikuwa midomoni mwa watu, na mgombea wa upinzani, Joshua Nassari, alishinda mahali ambapo wengi waliamini hashindi.

Halafu? Mwaka 2019 kiti chake kilitangazwa kuwa wazi kwa kutohudhuria mikutano ya Bunge. Aliyefuata alipita bila kupingwa, hakuna karatasi hata moja iliyotumbukizwa sandukuni. Baadaye Nassari mwenyewe alihamia chama tawala na kuteuliwa mkuu wa wilaya. Wapo waliohisi kusalitiwa, na hatuwakatazi. Kura humchagua mtu, na mtu hubadilika.

Tulipomsimulia kijana haya, alinyamaza kidogo kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: wale waliokataa fidia, familia zao zilikula nini? Tukamwambia, walikula kwa ndugu. Jumamosi iliyofuata tulikwenda naye Ngarenanyuki, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Meru, na Wameru wako huko wanalima nyanya kwa maji yale yale mekundu. Lori lilikuwa linapakia matenga kwenda sokoni. Akataka kujua shamba namba 31 lilianzia wapi. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua nyanya alinyoosha mkono kuelekea bondeni, akasema hizo namba hazijui, ila mahali nyumba ya baba yake ilipochomwa anapajua, akasimama ili atuonyeshe.