Kariokor ni Jiwe la Kaburi

Wasee wa Gachoka na Embu kwa jumla, mkishuka Nairobi kuna sehemu mbili nataka muzifikirie pamoja. Moja ni makaburi ya vita ya Ngong Road. Ingine ni soko la Kariokor, kwa viondo, viatu vya ngozi na nyama choma.

Tuanze Ngong Road. Jeshi lilifungua makaburi haya 1941, na kuna wanajeshi zaidi ya 1,900 wamelala hapo. Hakuna kitu pale kiliwekwa hivi hivi tu. Mwaka wa 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, na 1918 Frederic Kenyon akaiandikia kanuni: jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Jiwe la kawaida la tume lina urefu wa kama sentimita 81 na upana wa 38, limechongwa jina, kikosi na tarehe. Makaburi yakifika kama 40, panawekwa msalaba mkubwa uliochorwa na Reginald Blomfield, wenye upanga wa shaba mbele. Na lazima niseme ukweli, huo usawa unapendeza. Pale Ngong Road hata askari wa King's African Rifles waliokufa Vita vya Pili wana mawe yao.

Sasa rudi nyuma, 1914 hadi 1918. Waingereza walipigana na Wajerumani huku kwetu bila barabara za maana, na ng'ombe na farasi walikuwa wanauawa na ndorobo. Nani abebe risasi na unga? Wapagazi, kama milioni moja, wengi wakichukuliwa kwa nguvu. Makadirio ni kwamba karibu 95,000 walikufa, na wengi hawakupigwa risasi. Ni kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Tamka haraka haraka: Kariokor. Dar wakasema Kariakoo.

Hao mawe yao yako wapi? Hakuna. Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Na hii ni baada ya kanuni ya Kenyon! Nairobi waliwekewa sanamu 1928, zile tatu za shaba pale Kenyatta Avenue, na maandishi ya Kiswahili yako. Jina la mtu hata moja, hakuna. Mimi hiyo naiona kama kusema asante kwa umati.

Ilichukua hadi Aprili 2021 tume ikubali kwa ripoti yake yenyewe kwamba watu angalau 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba msamaha bungeni. Sasa majina yanatafutwa kwenye nyaraka, ila karani wa mkoloni aliandika jina la Mmbeere vile alilisikia, kama aliliandika.

Kwa hivyo wikendi hii ukifika nyumbani, muulize shosho kama kwenu kuna mwanaume alienda Kariokor na hakurudi. Andika jina lake, la babake, na la ukoo.