Mtu Aliyetoka Pembeni mwa Mji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Mzee mmoja wa Temeke alinijia baada ya Sala ya Ijumaa akaniambia: "Sheikh, miaka arobaini nawasomea Yasin wagonjwa na maiti. Nimeihifadhi moyoni. Lakini ndani yake mna nini?" Swali lile lilinitia haya, kwani sisi waalimu tumewapa watu wengi herufi tukawanyima maana.

Zamani, katika mwambao wetu, maana ya Kurani ilipatikana kwa mdomo katika darsa za misikitini. Tafsiri nzima ya mwanzo iliyopigwa chapa kwa Kiswahili, mwaka 1923, haikuwa ya Mwislamu, bali ya Padri Godfrey Dale, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Unguja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliianza kazi hii, akafariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa yao Nairobi, na masheikh wengi wa pwani wakayapinga maelezo yake. Kisha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaikamilisha yake. Ilitoka nzima mwaka 1969, nayo ikaingia majumbani mwetu.

Kitabu hicho ndicho tulichokifungua na mzee yule. Tukafika aya ya 20 ya Yasin. Wajumbe wa Mwenyezi Mungu wamekanushwa na kutishwa. Mara anatokea mtu mbio kutoka upande wa mbali wa mji, awanasihi watu wake wawafuate wale wasiotaka ujira. Hakutajwa jina wala cheo. Akaingizwa Peponi, na hata huko akatamani lau watu wake wangalijua.

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe alitoka pembeni mwa mji, kama sisi." Miaka mingi nimeisomesha sura hiyo, wala sikupata kuiona hivyo.

Ndugu zangu, tafsiri si Kurani, wala kuisoma hakumfanyi mtu kuwa mufti. Mambo ya mirathi na talaka yaulizwe kwa wenye elimu. Lakini kuzingatia hakukuwekwa kwa wanavyuoni peke yao. Sura Saad, aya ya 29, yatufahamisha kuwa Kitabu kimeteremshwa ili aya zake zizingatiwe. Basi uteremsheni msahafu kutoka juu ya kabati. Usiku huu, baada ya Isha, baba, mama na watoto wasome ukurasa mmoja: Kiarabu kwanza, kisha maana yake. Mtoto akiuliza, msimkemee; na jibu likikosekana, liandikeni swali mlilete msikitini.

Mwenyezi Mungu atufungulie nyoyo zetu. Amin.