Mnunuzi na Vita

Tusimamapo ukingoni mwa milima huku Shume, twaona chini bonde la Mkomazi, na humo Mazinde. Hapo kale ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Misafara ya pembe za ndovu ilipita mlangoni pake ikishuka Pangani, naye akajipatia bunduki na baruti. Kimweri alipofariki mwaka wa 1862, bunduki zile ziliigeukia nchi yenyewe. Semboja alipigana na jamaa zake, Vugha ukatekwa, na mateka wakauzwa ili ipatikane baruti nyingine. Hivyo biashara ililisha vita, na vita ikalisha biashara.

Je, mnunuzi wa pwani alikuwa na hatia? Yeye hakumpiga mtu, alinunua tu. Mataifa yalichelewa kuliuliza swali hilo. Mapatano ya Brussels ya mwaka wa 1890 yalikataza biashara ya watumwa na kuzuia bunduki zisiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini Usambara ilikuwa imekwisha kuumia, na waliotia sahihi walikuwa wakigawana nchi zetu.

Swali lile lile limerudi mashariki ya Kongo, penye bati, koltani na dhahabu. Mwaka wa 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze asili ya madini hayo. Tarehe 15 Desemba mwaka huo, wakuu wa nchi za Maziwa Makuu, Tanzania ikiwamo, walipatana Lusaka kwamba madini yawe na hati ya asili yake. Sheria ya Ulaya ya mwaka wa 2017 ilianza kuwabana waagizaji tarehe 1 Januari 2021. Siku hizi mifuko mingi hufungwa lakiri yenye namba huko huko mgodini.

Njia hiyo ni njema, lakini haitoshi. Serikali ya Kongo ilipokataza uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, tangu Septemba 2010 hata Machi 2011, wachimbaji wasio na hatia walikosa riziki. Tena lakiri yaweza kufungwa mfuko usio wake. Na mwaka wa 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, penye koltani nyingi, wakatoza kodi.

Kwa hiyo twaona ya kuwa sheria yapasa kumzuia mwenye bunduki bila kumnyima chakula mwenye sururu. Naye mnunuzi aulizapo bei, na aulize pia njia iliyopitwa na mali. Huko Pangani hakuna aliyewauliza mateka wa Usambara wametoka wapi.