Mita Ilisoma Sifuri, na Historia Ikakataa

Wasee, najua huku mnakuja kusoma historia ya matatu na ngoma za zamani. Leo nawapeleka Kanada, kwenye theluji. Kabla mseme nimepotea, nipeni dakika tatu.

Januari binamu yangu aliye Ontario alinipigia simu akiwa amekasirika. Alikuwa amenunua pikipiki ya theluji ya mkono wa pili, ya mwaka wa 1994, zile unawasha kwa kuvuta kamba. Vishikio vyake vina waya ndani ya raba wa kupasha mikono moto, na vyote viwili vilikuwa vimekufa. Fundi wa huko akaweka mita, ikasoma sifuri, akasema magneto imeungua. Bei aliyotaja, manze, ilikaribia nusu ya bei ya mashine yenyewe. Mbona anipigie mimi? Kwa sababu mzee wangu hutengeneza nyaya za boda, na mimi nimekua nikimshikia tochi.

Nikaanza kusoma hizi mashine zilitoka wapi, na nikakwama kwa jamaa mmoja, Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa 1907 huko Valcourt, Quebec. Akiwa na miaka 15 alifunga injini ya Ford Model T kwenye sleji, akaweka propela kama ya ndege. Ikaenda! Babake akaamuru ibomolewe, maana hiyo propela ingekata mtu. Halafu 1934 mtoto wake Yvon, wa miaka miwili, akashikwa na kidole tumbo. Barabara zilikuwa zimezikwa na theluji, hospitali haifikiki. Mtoto akafa. Watu hupenda kusimulia wavumbuzi kama watu wa akili nyingi tu. Mimi hapa naona baba aliyekosa barabara.

1937 akapata hataza ya magurudumu ya meno yanayozungusha mkanda wa raba, na gari lake la B7 likabeba watu saba juu ya theluji. Magari ya aina hiyo yalibeba wagonjwa, barua, hata wanafunzi. Lakini cheki: watu walikaa ndani, wamefungiwa, upepo uko nje.

1959 ndio mambo yaligeuka. Akatoa Ski-Doo, ambayo jina lake la kwanza lilikuwa Ski-Dog, kwa sababu ilikuja kuchukua kazi ya mbwa wa kuvuta sleji. Ndogo, nyepesi, wazi kabisa. Sasa mikono iko nje, kwa upepo. Na kwa mashine nyingi za namna hiyo zilizofuata, hakuna betri. Unavuta kamba, magneto inazunguka, cheche inatoka, taa inawaka. Vishikio vya moto vilipokuja baadaye, vilidandia tu ule umeme wa taa.

Tatizo la binamu yangu lilikuwa limejificha hapo. Umeme wa magneto ambao haujapitia rektifaya ni AC, unaenda na kurudi. Ule wa betri ni DC, unaenda upande mmoja. Ukipima AC na mita iliyowekwa DC, itakuonyesha karibu sifuri hata kama umeme umejaa tele.

Nikamuuliza, "Huyo fundi aliweka mita wapi, AC ama DC?"

Kimya. Kisha, "Alikuwa anapima kama gari."

Tukaanza upya kwa video. Zima injini, chomoa soketi za vishikio, weka mita kwa omu. Kishikio cha wati 30 kwenye volti 12 kinafaa kusoma karibu omu 5. Cha kushoto kilisoma hivyo, cha kulia pia. Kwa hivyo vishikio ni vizima. Washa injini, geuza mita iende AC, pima waya unaoingia kwenye swichi: volti 12 na kitu. Magneto "iliyokufa" ilikuwa inapiga kazi! Baada ya swichi, bado umeme upo. Ikabaki waya wa kurudi, mmoja tu, unaotumikia vishikio vyote viwili. Nikamwambia azime tena, apime huo waya mwisho hadi mwisho huku akizungusha usukani polepole. Namba zikaanza kuruka, mara omu kidogo, mara hakuna kitu.

Ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake, pale unapojikunja chini ya usukani. Kwa nje unaonekana mpya. Hata boda za hapa hukatika hapo hapo, kwa sababu hapo ndipo waya hupinda kila ukikata kona. Akalehemu, akafunika vizuri, akauachia ulegevu kidogo ili usivutike tena.

Jioni akanitumia ujumbe: vinachoma, lakini mashine ikinguruma polepole vinapoa. Nikamwambia hapo hakuna kitu kimeharibika, magneto ikizunguka polepole inatoa umeme kidogo. Aongeze mafuta kidogo. Akajibu kwa picha ya glavu mpya, zilizonunuliwa na sehemu ndogo sana ya ile pesa ya magneto.