programu-jalizi
*nm.* [i-/zi-] Programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili kukipa uwezo kisio nao, k.m. Java, Flash, Silverlight. *Jalizi* ni la ukoo mmoja na *kijalizo* cha wanasarufi.

Matumizi. Ujumbe "Programu-jalizi haitumiki" una utata: ama hakuna anayeitumia, ama kivinjari hakiikubali. Msimamizi wa zamu katika mgodi wa Geita, akitaka kutuma ripoti ya kazi akiwa Shinyanga mjini, akiuelewa kwa maana ya kwanza ataupuuza, na ripoti haitafika. Ukweli ni kwamba Chrome iliacha kupokea Java na Silverlight mwaka 2015, na Adobe ilikomesha Flash mwishoni mwa 2020. Kusakinisha upya hakusaidii; mfumo wenyewe ndio unaohitaji kuboreshwa. Mfasiri na aandike: "Kivinjari hiki hakikubali programu-jalizi inayohitajiwa na mfumo. Wasiliana na msimamizi wa mfumo."

Tofautisha vitenzi, kwa kuwa kila kimoja kina tiba yake:
- *haijasakinishwa*: haimo, iwekwe;
- *imezuiwa*: imo, iruhusiwe;
- *imepitwa na wakati*: imo, isasishwe;
- *haikubaliki*: kivinjari hakiipokei kabisa.

Linganisha *kiendelezi* [ki-/vi-]: nyongeza inayotengenezwa kwa kanuni za kivinjari chenyewe, nayo ingali inakubaliwa. Maneno haya mawili si visawe. Anayeambiwa atafute kiendelezi badala ya programu-jalizi atahangaika bure.