Kwa nini tundu la chaji hufa kabla ya simu?

Mpelekee fundi simu yeyote wa Busisi, Sengerema au Mwanza mjini swali hili: simu nyingi zinaletwa zikiwa na tatizo gani? Mambo mawili hayatakosekana kwenye jibu lake. La kwanza ni kioo. La pili ni sistimu chaji: simu haiingizi chaji, au inaingiza mpaka uukunje waya na kuuwekea kitu kizito juu.

Ukweli ni kwamba ndani ya simu hiyo prosesa ni nzima, memori nzima, hata betri bado ina uhai. Kilichoshindwa ni kipande cha bati chenye upana usiofika sentimita moja. Ili tuelewe kwa nini, inabidi turudi nyuma karibu miaka mia moja, kwenye redio.

Kazi mbili, njia moja

Tundu la chaji lina kazi mbili. Ya kwanza tunaijua, yaani kupitisha umeme. Ya pili huwa tunaisahau: kupokea nguvu ya mkono wako unapochomeka, unapochomoa, na mtoto anapopita na kuukwaa waya.

Tufanye hesabu ya wenzo ile ya sekondari. Tuseme waya unavutwa pembeni kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1, sentimita 2 nje ya mdomo wa tundu. Nyuma ya mdomo huo, milimita 5 tu ndani, ndipo zilipo pini zilizochomelewa kwenye bodi. Sentimita 2 ni mara nne ya milimita 5, kwa hiyo pini zile zinang'olewa kwa nguvu ya kilo 4. Na zimeshikilia nini? Ngozi ya shaba iliyobandikwa juu ya bodi, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.035, takriban nusu ya unene wa unywele.

Linganisha na daraja letu. Tangu tarehe 19 Juni 2025 magari yanavuka kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Gari linapita juu ya barabara, lakini uzito wake haubaki pale. Unashuka kwenye nguzo, unaingia kwenye msingi chini ya ziwa. Lami ni ya kupitia, nguzo ni za kubeba. Historia ya viunganishi vya umeme ni historia ya mafundi waliokumbuka jambo hilo, wakalisahau, kisha wakalazimika kulikumbuka tena.

Enzi ya nati

Redio za zamani hazikuwa na bodi ya saketi. Vipuri vilifungwa kwenye fremu ya bati, na waya zikaunganishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Soketi ya antena au ya spika ilipitishwa kwenye tundu la fremu ikakazwa kwa nati. Ukivuta waya, nguvu inaishia kwenye bati. Risasi ya kuchomelea ilikuwa na kazi moja tu, kupitisha umeme.

Mwaka 1936, mhandisi kutoka Austria aitwaye Paul Eisler, akiwa London, alitengeneza redio ambayo njia zake za umeme zilikuwa michirizi ya shaba juu ya ubao usiopitisha umeme. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilitumia wazo hilo kwenye vifaa vya kulipulia mabomu, na baada ya vita likaenea duniani kote.

Bodi ilirahisisha kazi sana, ila ilileta jukumu jipya. Soketi nyingi zilihama kutoka kwenye fremu zikahamia kwenye bodi yenyewe. Bado kulikuwa na unafuu, kwa sababu miguu ya vipuri ilipenyezwa kwenye matundu na kuchomelewa upande wa pili. Mguu uliopenya bodi ni kama msumari uliopita kwenye ubao, hautoki kirahisi.

Miguu inakatwa

Miaka ya 1980 viwanda vilihamia kwa wingi kwenye kuchomelea vipuri juu ya uso wa bodi, bila matundu. Mashine inaweka kipuri, bodi inapita kwenye joto, kazi imeisha. Vifaa vikawa vidogo na bei ikashuka. Bila hilo tusingekuwa na simu za mfukoni.

Kwa kipuri kinachokaa kimya haina shida. Nani atavuta rezista? Lakini tundu la chaji linavutwa kila siku, na sasa baadhi ya matundu yakawa yamebandikwa juu juu, yakitegemea ile ngozi ya shaba.

Simu za mwanzo zilituficha tatizo hili. Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi Tanzania, Mobitel, ulianza 1994, na Vodacom ikafuata 2000. Wengi tunaikumbuka Nokia 1100 ya mwaka 2003, kitochi chenyewe, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Tundu lake lilikuwa la duara. Waya wa duara ukisokotwa unazunguka tu ndani ya tundu bila kulisokota.

Kisha ikaja familia ya USB. Mini-USB, ya mwaka 2000, ilihesabiwa kuvumilia kuchomekwa mara 5,000. Mwaka 2007 ikaja Micro-USB, iliyohesabiwa mara 10,000. Siri yake ni nzuri: springi zinazochakaa zilihamishwa kutoka kwenye tundu zikawekwa kwenye kichwa cha waya. Afadhali kife kitu cha bei rahisi. Mwaka 2009 kampuni kubwa za simu zilikubaliana Ulaya kuitumia.

Mara 10,000 ni nyingi. Ukichaji mara 3 kwa siku ni miaka 9. Sasa mbona matundu yanakufa ndani ya mwaka? Kwa sababu hesabu ile ni ya kuingia na kutoka kwa kunyooka. Haihesabu simu iliyodondoka ikiwa na waya, wala anayeongea huku anachaji. Springi zilipona, bodi haikupona.

Hasara inamwangukia nani?

Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008, simu imekuwa pia pochi. Mchuuzi wa dagaa akikosa chaji, amekosa mtaji wake kwa siku hiyo. Na kandokando ya ziwa si simu peke yake: wavuvi wengi wameacha karabai wakahamia taa za LED za betri na sola, nazo zina matundu ya kuchajia, ndani ya mitumbwi inayopigwa mawimbi usiku kucha. Ndiyo maana vipimo vya kimataifa vya taa ndogo za sola vinajumuisha kuangusha taa kutoka mita 1, na kuchomeka na kuchomoa kiunganishi mara 1,000.

Tundu likining'inia mapema, peleka. Fundi atalichomelea upya kwa dakika chache. Ukisubiri, linang'oka na ngozi ya shaba, na hapo itabidi ajampe kwa waya mwembamba kama uzi. Kazi ni ngumu, bei ni nyingine.

Kwa wanaochora bodi

USB-C, iliyotangazwa 2014 na kuwa lazima kwa simu mpya Umoja wa Ulaya tangu tarehe 28 Desemba 2024, haikufuta hesabu ya wenzo. Ila watengenezaji wengi wamejifunza. Simu nyingi siku hizi zina tundu kwenye kibodi kidogo cha pekee, kinachobadilishwa bila kugusa bodi kuu.

Wewe unayetengeneza chaja ya sola au mradi wa chuo, fanya hivi. Chagua tundu lenye masikio yanayopenya bodi. Panua shaba chini yake. Acha ukuta wa kasha ulikumbatie tundu, ili waya ukivutwa kasha lipokee. Waya usiochomoka, ufunge kwa klipu ndani ya kasha kabla haujafika kwenye risasi.

Kabla ya kufunga kasha, vuta waya pembeni na uangalie nini kinasogea. Kikisogea kile chenye risasi, rudi mezani.