Plaiwudi ya Boti na Marini Bodi

Ukiulizia marini bodi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Nairobi au Dar es Salaam, utaletewa shiti ya futi 4 kwa 8 yenye uso wa kahawia au mweusi unaong'aa. Mafundi wa zege wanaijua sana. Ndiyo inayofungiwa nguzo na slabu, kwa kuwa utando wake haugandi na saruji na shiti hutumika tena na tena. Jina limetokana na bahari, lakini kazi yake ni zege. Anayetafsiri maelekezo ya kukarabati boti akiandika tu "tumia marini bodi", msomaji wake ataenda dukani na kurudi na kitu kingine kabisa.

Maelekezo ya namna hiyo mengi hutoka Amerika ya Kaskazini, huko Minnesota, Wisconsin na Ontario, ambako boti ndogo za alumini zimejaa maziwani. Gamba ni la alumini, ila ndani kwa kawaida kuna mbao mahali pawili: sakafu, na ule ukuta wa tezi unaobeba mashine. Miaka ikipita, maji huingia kwenye matundu ya skrubu, sakafu ikaanza kubonyea chini ya mguu, na mashine ikawa inatikisika ikipewa moto. Hapo ndipo suala la plaiwudi gani huanza.

Nimeona tafsiri tatu za istilahi ya Kiingereza "marine plywood", inayotumika kwenye maelekezo hayo: plaiwudi ya baharini, plaiwudi isiyopitisha maji, na plaiwudi isiyooza. Ya tatu ni ya hatari. Plaiwudi hii mara nyingi hutengenezwa kwa okume, mti wa Gabon na nchi jirani, mwepesi na rahisi kufanyia kazi, lakini usiohimili kuoza. Ikiachwa na unyevu bila kupakwa kitu itaoza kama mbao nyingine laini. Ya pili nayo inaahidi mno, maana kinachostahimili maji ni gundi. Mti wenyewe hunywa maji, hasa kwenye kingo.

Kinachoitofautisha kimo ndani. Kiwango cha Uingereza, BS 1088, kinadai gundi isiyoachia hata ikichemshwa, na kinadhibiti vikali kasoro za tabaka za katikati pamoja na zile za juu. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Plaiwudi ya bei nafuu huwa na uso mzuri unaoficha kiini chenye mapengo na mafundo yaliyodondoka. Pengo likiwa ndani ya ukuta wa tezi, maji hukaa humo, na boliti ya mashine ikikazwa hapo shiti hubonyea. Tazama ukingo wa shiti kabla ya kulipa. Tabaka nyingi nyembamba zilizoshikana bila tundu ni dalili njema.

Kwa hiyo mimi naandika "plaiwudi ya boti", na ile marini bodi ya dukani naiita "plaiwudi ya zege". Kila moja inajulikana kwa kazi yake, na hakuna inayoahidi isichoweza. Boti ya ziwani haihitaji neno bahari hata kidogo.

Kuna aina ya tatu ambayo kwa alumini ni mbaya kuliko zote: plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu. Kwa mwenye nyumba ni chaguo la busara. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za mbao zina shaba. Tangu mwisho wa 2003, Marekani ilipoacha kutumia dawa yenye aseniki kwenye mbao nyingi za majumbani, dawa zilizochukua nafasi yake zimekuwa na shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake na inayoliwa ni alumini. Unaona unga mweupe, kisha vishimo, kisha tundu. Sakafu mpya inabaki nzima juu ya gamba linalovuja.

Je, ni lazima kununua ya bei ghali kote? Kwa sakafu, sidhani. Plaiwudi ya nje ya kawaida, yenye gundi ya fenoli, inatosha ikipakwa epoksi pande zote na kwenye kingo. Ila ukinunua Marekani, usidhani kwamba herufi X kwenye muhuri wa CDX ina maana ya plaiwudi ya nje. Shiti hizo kwa kawaida ni za kuvumilia mvua ya muda wa ujenzi, wala si za kuishi kwenye maji, na kiini chake kinaruhusiwa kasoro nyingi.

Kwa ukuta wa tezi nisingebana pesa. Kwa kawaida hugundishwa shiti mbili za robo tatu ya inchi kwa epoksi, zikawa kama milimita 38. Kila tundu la boliti litobolewe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya katikati, ili boliti isiguse mti. Na upande unaolalia alumini usiachwe mkavu bila rangi: mti ulioloa ukibanwa kwenye metali hiyo huila hata bila shaba yoyote.